Contiki: Mfumo unaotenga msimbo wa prosesa

Upepo wa mwera unapochafua Ziwa Nyasa, wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, mkoani Ruvuma, huhitaji tahadhari ya mapema. Tahadhari hutegemea vipimo, na kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha huweza kutumia mfumo endeshi mdogo.

Mradi wa WIMEA-ICT, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), ulitumia Contiki, mfumo ulioasisiwa na Adam Dunkels wa Sweden.

Humo, msimbo wa prosesa ulitengewa folda ya “cpu”, wa bodi “platform”, na wa pamoja “core”. Prosesa ikiadimika sokoni, wataalamu huandika upya mbili za kwanza. Programu ya kupima upepo hubaki ilivyo.