Muhogo Ulioshuka Amani

Ukitoka Muheza kwenda Amani, barabara huanza katikati ya michungwa na kuishia msituni, kona juu ya kona. Huko juu, kwenye Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka kila pembe ya dunia. Waingereza walikirithi, na mwaka 1928 akafika hapo H. H. Storey, bwana aliyekwisha kujipatia jina Afrika Kusini kwa kumfuatilia mdudu mmoja.

Mdudu huyo, Cicadulina mbila, ana urefu wa milimita tatu hivi na huishi kwa kunyonya utomvu wa majani. Storey alikuwa ameonyesha kuwa ndiye anayeeneza ugonjwa wa milia kwenye mahindi. Amani akamchunguza zaidi. Aliona kwamba wadudu wa aina hiyohiyo, waliolelewa pamoja na kula majani yaleyale, wengine hueneza ugonjwa na wengine katu hawaenezi. Akawapandisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1932 akatangaza kuwa uwezo huo hurithiwa. Mwaka uliofuata akaja na jaribio ambalo mimi naliona kilele cha kazi yake yote: alichukua sindano nyembamba, akatoboa ukuta wa utumbo wa wale wasioweza, nao wakaanza kuambukiza mahindi. Kumbe kizuizi kilikuwa tumboni! Na haya aliyafanya wakati hakuna binadamu aliyewahi kukiona kirusi cha mmea kwa macho. Picha za kwanza za kirusi cha mmea zilipatikana 1939.

Ila kwa watu wa pwani, habari kubwa ni muhogo. Mjerumani Warburg alikuwa ameandika juu ya ugonjwa wa batobato wa muhogo katika nchi hii mwaka 1894, mwaka aliozaliwa Storey. Mwaka 1936 Storey mwenyewe akaueleza ugonjwa wa pili, michirizi kahawia. Huu una hila kuliko batobato. Batobato hukunja na kudumaza majani, hata mpita njia huliona shamba kuwa lina shida. Michirizi kahawia yaweza kuliacha shamba likipendeza, mkulima akaja kujua siku ya kuvuna, anapokata muhogo na kuukuta umeoza ndani, mkavu, wenye mabaka ya kahawia.

Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuambukizwa haipo, na anayepanda pingili gonjwa amepanda ugonjwa. Ikabaki kutafuta muhogo mgumu. Storey na mwenzake Nichols waligeukia jamaa wa muhogo, mpira wa Ceará, ule ambao watu wa Tanga hutwanga majani yake wakapika kisamvu cha mpira. Mizizi yake si ya kuliwa kama mihogo, hivyo chotara wa mimea hiyo miwili walipandishwa tena na muhogo mara tatu hivi, hadi mizizi ikarudi kuwa chakula na ukinzani ukabaki. Kazi ya miaka, shamba baada ya shamba, mihogo mingi ikitupwa.

Storey alichaguliwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1946. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamia Muguga, Kenya, naye akahamia huko. Uzalishaji wa mihogo ukashikwa na mtafiti Jennings, na katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zikapelekwa Nigeria. Kutoka kwenye uzao wa mbegu hizo, watafiti wa Ibadan walipata aina zao mashuhuri katika miaka ya 1970, ikiwamo TMS 30572. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda miaka ya 1990, aina hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizogawiwa wakulima, ikiitwa Migyera.

Chotara mwingine hakwenda mbali. Katika daftari za Amani aliandikwa 46106/27. Pwani ya Kenya humwita Kaleso, Tanzania humwita Namikonga, na wazalishaji wa mbegu wanaopambana na michirizi kahawia bado humtumia kama mzazi.