UZI: Jina la jamii likishaingia kwenye sheria, si maneno matupu tena

1. Mjadala wa ardhi ukianza tu, lazima mtu aulize, "Kwani jamii asilia ni nani?" Mwingine anajibu hayo ni majina tu. Wadau, hebu tuangalie Kanada.

2. Mwaka 1492 Columbus alifika Amerika akidhani amefika Asia. Akawaita wenyeji Wahindi. Kosa likakwama hapo. Mwaka 1876 Kanada ikatunga Sheria ya Wahindi, na kuanzia hapo serikali ndiyo ikawa inaamua nani Mhindi, nani si Mhindi.

3. Sasa ona. Mwanamke aliyeandikishwa kama Mhindi akiolewa na mtu wa nje, jina lake linafutwa, na watoto wake hawaandikwi. Kaka yake akioa mwanamke wa nje, yeye anabaki, na mkewe anaandikwa pia. Baba mmoja, mama mmoja! Hilo lilibadilishwa 1985.

4. Katiba yao ya 1982 inataja makundi matatu: Wahindi, Wainuiti na Wametisi. Wengi wa kundi la kwanza leo hujiita Mataifa ya Kwanza. Wainuiti ni wa kaskazini kwenye baridi kali. Zamani waliitwa Eskimo, jina walilopewa na wengine. Wametisi chimbuko lao ni ndoa za wenyeji na Wazungu wa biashara ya manyoya.

5. Na msidhani wote ni kabila moja. Lugha zao zinapita 70. Familia kubwa ni ya Kialgonkwini (Kikrii na Kiojibwe zimo humu), ya Kidene na ya Kiinuiti. Mkrii na Mwinuiti hawaelewani, kama vile Mjaluo na Mkamba kila mmoja akishika lugha ya kwao. Sensa ya 2021 ilihesabu wenyeji milioni 1.8 hivi, lakini wanaoweza kuzungumza lugha zao ni kama 237,000. Shule za bweni za serikali na makanisa ziliwaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha ya mama.

6. Kwetu je? Waogiek waliitwa Dorobo, neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwatambua kwa jina lao, kama jamii asilia, ikasema kuwafurusha Mau kulivunja haki zao.

7. Kwa hivyo ukisikia jina la jamii jukwaani, uliza: nani alilitoa, na nani anabaki nje likiandikwa?