Jongoo wa Kibong'oto: Miaka 120 ya Kutafutiwa Ukoo

Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vikiwaka kusini mwa koloni la Wajerumani, kaskazini kulikuwa na watu wakipindua magogo na kupekua majani yaliyooza. Ulikuwa msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu kutoka makumbusho ya Stockholm. Walikusanya viumbe kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi mwaka 1906, wakawatia kwenye chupa za spiriti na kuwasafirisha Ulaya. Sasa yapata miaka 120 imepita, na maadhimisho sijayasikia.

Katika chupa hizo walikuwamo majongoo. Jongoo alikwisha kupewa jina la kisayansi na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyezunguka Msumbiji katika miaka ya 1840, alimtaja jongoo mkubwa mweusi wa pwani mwaka 1855 kwa jina la gigas. Ndiye huyu tunayemwona masika, ambaye mtoto akimgusa tu hujikunja. Lakini kumpa mnyama jina ni jambo moja, na kujua ni wa familia gani ni jambo jingine.

Kazi hiyo ilimwangukia Carl Attems wa Vienna. Taarifa yake ya majongoo ya Sjöstedt ilitoka mwaka 1909, na humo mahali panapotajwa tena na tena ni Kibonoto. Ni Kibong'oto yetu, wilayani Siha, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa hospitali ya kifua kikuu. Katika makumbusho ya Ulaya inajulikana kwa wadudu, buibui na majongoo.

Attems alifanya kazi ya macho na subira. Karibu kila pingili ya jongoo ina jozi mbili za miguu, na kwa mtazamo wa haraka majongoo weusi wote ni wamoja. Siri iko kwa dume. Kwenye pingili ya saba miguu yake imegeuka kuwa viungo vya kupitishia mbegu, vyenye ndoana, mikunjo na ncha zinazotofautiana kati ya spishi na spishi. Mtaalamu huvitoa kwa koleo ndogo, huviweka chini ya hadubini, kisha huvichora mkunjo kwa mkunjo. Jike akiokotwa peke yake, mara nyingi hakuna awezaye kusema ni wa spishi ipi. Kwa viungo hivyo Attems aliitenga, mwaka huohuo wa 1909, familia ya Odontopygidae, ambayo makao yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Kwa maoni yangu, hakuna familia ya majongoo inayotuhusu zaidi ya hiyo.

Otto Kraus wa Ujerumani aliipanga upya familia hiyo katika miaka ya 1960. Mmarekani Richard Hoffman akafuata na kitabu chake cha mwaka 1980 kilichopanga majongoo wa dunia nzima, kuanzia oda hadi jenasi. Hapo ramani ya makao ya familia mbalimbali ikaanza kusomeka. Familia za Gomphodesmidae na Oxydesmidae ni za Afrika pia. Pachybolidae wako Afrika, Madagaska na Asia ya kusini. Julidae ni wa kaskazini, hasa Ulaya.

Mgawanyo huo una sababu. Jongoo hana mabawa, hutembea polepole, na jua kali humkausha. Msitu wenye unyevu ukizungukwa na nyika kavu, kwake ni kisiwa. Milima yetu ya Tao la Mashariki, kuanzia Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, imekuwa visiwa vya namna hiyo kwa muda mrefu mno, na majongoo waliobaki humo wamekuwa koo za mlima mmoja mmoja.

Ushahidi ulitolewa na Henrik Enghoff wa Copenhagen, ambaye mwaka 2014 alianza mfululizo wa makala kuhusu Udzungwa pekee. Kraus alikuwa amempa jongoo mmoja jina la Dabaga, kule Iringa. Enghoff alionyesha kwamba jongoo huyo ana ndugu zaidi ya 10, wote wa milima hiyohiyo. Baadhi ya vielelezo vilikuwa vimekusanywa miaka ya 1980, vikakaa kwenye spiriti miongo mitatu vikingoja mtu wa kuvisoma. Kabla ya hapo, mwaka 2012, jongoo wa sentimita 16 kutoka milima ya Tao la Mashariki, Crurifarcimen vagans, aliingia katika orodha ya kimataifa ya spishi 10 mpya za kusifiwa.

Ni fahari, ila inauma. Jongoo ni mtengeneza udongo wa misitu inayotupa maji, lakini anayetaka kumjua kwa jina analazimika kuanzia Vienna, Stockholm au Copenhagen. Vyuo vyetu vikuu vina walimu wa zoolojia na misitu ipo jirani. Vitenge nafasi kwa vijana wawili au watatu wa kusomea majongoo kwa kina, na serikali idai nakala za picha na takwimu za vielelezo vyetu vilivyoko nje. Hadubini na chupa za spiriti hazihitaji bajeti ya kutisha, na misitu ya Usambara inakatwa kila mwaka kabla wakazi wake hawajahesabiwa.