Ufanisi wa Gharama: Hesabu ya Gego la Mtoto

Wataalamu wa uchumi wa afya wana istilahi ya kulinganisha fedha zilizotumika na afya iliyopatikana. Kwa haraka huandikwa "gharama nafuu", na hapo maana hupotea. Kung'oa jino ni nafuu; ndiyo maana katika vituo vingi nchini Tanzania maumivu ya jino huishia kwenye koleo. "Ufanisi wa gharama" ni jina zito kidogo, lakini linadai jibu: shilingi hiyo imeokoa nini?

Chukua silanti. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, na wazazi wengi hudhani nalo litang'oka lenyewe. Uso wake wa kutafunia una vijifereji vyembamba ambamo nyuzi za mswaki haziingii. Silanti ni utando unaofunika vijifereji hivyo kabla jino halijatoboka. Kwa hiyo kuiita "kuziba jino" ni kumpoteza mzazi. Ataamini limekwisha oza.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinakadiria kuwa silanti huzuia asilimia 80 ya mashimo kwenye meno ya nyuma kwa miaka 2, na kwamba kila jino lililofunikwa huokoa zaidi ya dola 11 za matibabu.

Hesabu hiyo ni ya nchi ambako jino bovu huzibwa kwa bei kubwa. Ipandishe Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, nayo hubadilika. Ikiwa jino lingeng'olewa tu, fedha zinazookolewa ni kidogo. Kinachookolewa ni jino. Tena, penye watoto wachache wenye meno mabovu, kuwapaka wote ni kutapanya fedha.

Vifaa navyo vina neno. Silanti ya rezini huhitaji jino kavu kabisa na, kwa kawaida, taa maalumu ya kuigandisha. Ile ya glasi ionoma huchanganywa kwa mkono, ikashindiliwa kwa kidole bila umeme. Ni sehemu ya mbinu ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya daktari wa meno Jo Frencken, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hapo mzigo mkubwa ni siku ya kazi ya mtaalamu na nauli ya kupanda kutoka mji wa Muheza hadi Bulwa, ambavyo hugawanywa kwa idadi ya watoto watakaokuwa kwenye foleni.