Mawese ya Nyangwe na Siku 28 za Mwanzo wa Mimba

Soko la Nyangwe, lililokuwa kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba nchini Kongo na lisiloweza kutajwa bila kuwakumbuka wanawake waliouawa humo tarehe 15 Julai 1871, liliuza mafuta ya mawese pamoja na samaki, chumvi na vyungu. Wekundu wa mafuta hayo, unaojulikana katika kila jiko la Kasongo na Kabambare, hutokana na karotini, ambayo pamoja na vitamini E iliyomo humo huhesabiwa miongoni mwa antioksidanti, yaani vitu vinavyotuliza radikali huru, zile molekuli kali ambazo hushambulia mafuta, protini na vinasaba vya seli.

Uhusiano wa vitu hivyo na ujauzito ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waligundua kwamba panya waliolishwa chakula kilichosafishwa mno walishika mimba lakini vijusi vyao vilifia tumboni, na kwamba majani ya saladi, na baadaye viini vya ngano, viliviokoa. Kitu kilichofanya kazi hiyo, vitamini E, kikaja kupewa jina la tokoferoli, lenye asili ya Kigiriki na maana ya kubeba uzazi. Mwaka huohuo wagonjwa wa kisukari walianza kudungwa insulini huko Toronto, na wanawake ambao zamani hawakutarajiwa kuishi hadi kuzaa wakawa mama, ila baadhi ya watoto wao walizaliwa na kasoro za moyo au za uti wa mgongo.

Sababu mojawapo ya kasoro hizo ni kwamba sukari nyingi ya damu ya mama hukifikia kiinitete, yaani mtoto katika wiki zake za kwanza, kikiwa bado na vimeng'enya vichache vya kuzima radikali zinazozalishwa na sukari hiyo. Mwaka 1991 Ulf Eriksson na mwenzake Borg, wa Uppsala nchini Sweden, walikuza viinitete vya panya katika kimiminika chenye sukari nyingi, wakaona kwamba vikiongezewa vimeng'enya hivyo kasoro hupungua.

Vimeng'enya, hata hivyo, huvunjwa upesi mwilini. Hapo ndipo watafiti walipogeukia chembe za nano, zenye upana wa nanomita chache tu, hasa za oksidi ya seriamu, metali iliyogunduliwa mwaka 1803, ambayo atomi zake hupokea na kuachia elektroni kwa zamu, hivyo chembe moja huzima radikali mara nyingi bila kwisha. Majaribio juu ya panya wenye kisukari yametia moyo; kwa wajawazito hazijaidhinishwa, na ni haki iwe hivyo, maana metali haiyeyuki na kutoweka kama vitamini.

Kinga yoyote, iwe ya vitamini au ya chembe za nano, ina pia suala la wakati. Katika miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulichunguza vipimo vyepesi vya kliniki ya wajawazito, ukiwemo urefu wa mama, ili kuwatambua waliokabiliwa na uzazi mgumu. Urefu hufaa kupimwa hata mimba ikiwa ya miezi saba. Lakini kinga dhidi ya kasoro haiwezi kungoja hadi hapo: mrija wa neva, chipukizi la ubongo na uti wa mgongo, hujifunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.