Sindano ya Kichocho

Tarehe 30 Machi 1977, mwimbaji wa Misri Abdel Halim Hafez alifariki dunia London akiwa na umri wa miaka 47. Huku kwetu pwani, ambako taarabu ilichota mengi kutoka Cairo, sauti yake haikuwa ngeni. Alipozikwa, barabara za Cairo zilifurika watu. Lakini ugonjwa uliomwandama maisha yake yote ulikuwa wa mtoto yeyote wa kijijini. Kwao, katika jimbo la Sharqia, watoto walioga mferejini, naye akapata kichocho. Kichocho kikamla ini.

Kichocho na Misri ni wenyeji wa siku nyingi. Mayai ya mdudu wake yamekutwa ndani ya maiti zilizohifadhiwa tangu enzi za mafarao. Mdudu mwenyewe alitambuliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo. Tangu hapo mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa sababu mabwawa na mifereji ya kumwagilia pamba ilileta maji mwaka mzima, na penye maji yaliyotulia pana konokono wanaomlea mdudu huyo. Mkulima hakuwa na la kuchagua. Shamba lake lilikuwa ndani ya maji.

Mwaka 1918, daktari J. B. Christopherson alitangaza kutoka Khartoum kwamba dawa ya antimoni, ikichomwa kwenye mshipa, inaponya kichocho. Dozi haikuwa sindano moja. Mgonjwa alirudi tena na tena kwa wiki kadhaa, na kila mara alitapika au kukohoa. Hata hivyo ilikuwa dawa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliipeleka vijijini, na watu wakapanga foleni kwa mamilioni.

Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, yakioshwa na kutumika tena. Mgeni mmoja aliyetembelea kituo cha tiba miaka ya 1960 aliandika kwa kustaajabu jinsi daktari alivyowachoma watu zaidi ya 500 ndani ya saa moja hivi. Bomba lililotumika liliwekwa kwenye trei, muuguzi akalisuuza, likachemshwa dakika moja au mbili, likarudi kazini. Mgeni yule aliona ustadi. Sisi tunaosoma leo tunaona kitu kingine, lakini tusijifanye wajanja, kwani kilichokuwa kikisafiri ndani ya mabomba yale hakikuwa na jina.

Jina lilipatikana mwaka 1989, virusi vya homa ya ini aina ya C vilipotambuliwa. Virusi hivi havina haraka. Vinaweza kukaa miaka 20 au 30 bila dalili, huku ini likijaa makovu, kisha vikaishia kwenye saratani. Wamisri walipoanza kupimwa, maambukizi yalikuwa juu kuliko karibu kila mahali duniani. Mwaka 2000, watafiti walichapisha ulinganisho wao katika jarida la Lancet: rika na maeneo yaliyopata sindano nyingi zaidi ndiyo yaliyokuwa na virusi vingi zaidi. Mkulima alikwenda kutibiwa ugonjwa mmoja, akarudi nyumbani na wa pili.

Ninachojiuliza ni hiki: utamwambiaje mtu huyo aje tena kliniki?

Kwa miaka mingi jibu halikuwepo. Tiba iliyokuwepo ilikuwa sindano za miezi mingi, zenye madhara makali, na wengi haikuwaponya. Majibu ya kipimo yalimnyima mtu kazi, hasa aliyetaka kwenda Ghuba, ambako mfanyakazi mgeni hupimwa homa ya ini. Vijana wetu wanaokwenda huko wanakijua kipimo hicho. Ukimwambia mtu ajue hali yake, na kujua hakumpi chochote ila aibu, atakaa nyumbani.

Kilichobadilisha mambo ni vidonge. Sofosbuvir iliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 84,000 kwa dozi nzima. Mwaka 2014 Misri ilijadiliana hadi dola 900, kisha viwanda vyake vikaitengeneza kwa bei ya chini zaidi. Ndipo kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, serikali ikawaita watu wazima wote wapimwe bure. Walijitokeza karibu milioni 50. Zaidi ya milioni 2 walikutwa na dalili za maambukizi kwenye damu, na waliothibitika kuwa na virusi walipewa vidonge bila malipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kutokomeza aina ya C.

Kwetu hata lugha inatuchanganya. Wengi hudhani homa ya ini na homa ya manjano ni kitu kimoja, ilhali manjano huenezwa na mbu. Aina inayotusumbua zaidi ni B. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Haipiti kwa kula sahani moja. Chanjo yake ipo, na Kenya na Tanzania zilianza kuiweka katika chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata.

Siku ya Homa ya Ini Duniani ni 28 Julai, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, aliyegundua virusi vya aina ya B. Huna haja ya kuingoja. Nenda kapime. Bomba la siku hizi ni la plastiki na hutumika mara moja tu, na ni haki yako kuona likifunguliwa mbele ya macho yako.