Maji ya Ruzizi na hesabu ya wati

Chini ya daraja la mpaka pale Cyangugu, maji ya Ziwa Kivu huanza safari ya kuelekea Ziwa Tanganyika kwa mto Ruzizi, na njiani huzungusha mitambo ya vituo vya umeme. Ruzizi I ilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ikafuata mwaka 1989, mali ya SINELAC, kampuni ya Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo.

Hesabu ya vituo hivyo ni moja. Tuseme kila sekunde mita za ujazo 100 zinashuka kimo cha mita 30. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,000, mvutano wa dunia ni mita 9.8 kwa sekunde kipeo cha pili, zidisha vyote upate wati milioni 29.4. Usiliamini jibu bado. Weka namba kando, zidisha vipimo peke yake. Kitakachobaki ni kilo mara mita kipeo cha pili, kugawanya kwa sekunde kipeo cha tatu, na hiyo ndiyo wati. Ukisahau mvutano, unapata kilo-mita kwa sekunde, kitu kisichowasha hata balbu.

Kanuni hii aliiandika Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha joto cha mwaka 1822: pande mbili za mlinganyo sharti ziwe na vipimo vya aina moja.

Ruzizi I, hata hivyo, ilijengwa kabla mfumo wa SI haujapitishwa mwaka 1960. Vitabu vingi vya wahandisi wa Ulaya bara vya enzi hizo vilihesabu kilo kama uzito, na nguvu ya mtambo kwa “farasi”, kila mmoja kilo-mita 75 kwa sekunde. Humo mvutano hauonekani, na si kosa: umeshaingia ndani ya kilo. Anayechanganya kitabu cha zamani na cha leo hukosea karibu mara kumi.

Uhakiki huu hauoni kila kitu, maana ufanisi wa mtambo hauna kipimo. Ukiusahau, vipimo vitakubali na jibu litazidi. Lakini ungetosha kutuokoa sisi wanahabari, tunaopenda kuandika “megawati kwa saa”. Yuniti unayonunua kwenye Cash Power, mita ya kulipia kabla, ni kilowati-saa, wati zikizidishwa kwa muda, si kugawanywa. Kituo kijacho, Ruzizi III, kikiwashwa, tafadhalini wenzangu, tuandike megawati tu.